Bunduki ya Marehemu Igembe

Hii nimeletewa kwenye simu na wifi yangu, ambaye kwa kawaida hutuma picha za maua na salamu za asubuhi, basi. Ilikuja imeandikwa kwa herufi kubwa mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayegomba, kwa hiyo nimeiandika upya ili isomeke. Isome yote, usirukie mwisho. Ukimaliza, mpelekee yule aliyekujia kichwani ulipokuwa unasoma. Kama aliyekujia kichwani ni mimi, usihangaike, nimeshaisoma.

Palikuwa na seremala mmoja jina lake Mihayo. Kijiji chake kiko mkoa wa Tabora, pembeni ya msitu wa hifadhi, mahali ambapo watu wanalima mahindi na karanga, wanatundika mizinga ya nyuki, na kila mwaka wanagombana na nguruwe pori.

Nguruwe pori si mnyama wa kuchekea. Akiingia shambani hali akashiba akaondoka kama mgeni mwenye adabu. Anakula kidogo, anaangusha mengi, na kesho yake anarudi na ukoo mzima.

Mwaka huo serikali ya kijiji ikaamua kutafuta mtu mmoja wa kulinda mashamba kwa bunduki, kwa kibali cha afisa wanyamapori wa wilaya. Mihayo alinyoosha mkono kabla mwenyekiti hajamaliza kusema.

"Mimi nimepita mgambo," alisema.

Ni kweli alipita mgambo. Ila huko alifyatua risasi tatu tu, na ilikuwa miaka kumi na tano nyuma. Hilo hakulisema, na hakuna aliyemuuliza.

Bunduki hakuwa nayo. Bunduki ya kuwindia ilikuwa moja tu kijijini, mali ya Mzee Igembe, mwindaji mwenye leseni aliyefariki miaka miwili kabla. Ilikuwa ya zile za zamani, za kuvuta komeo la chuma kwa mkono kila unapotaka kupiga risasi nyingine. Tangu matanga ya mzee ilikuwa imehifadhiwa kituo cha polisi wilayani kama sheria inavyotaka, ikisubiri familia iamue. Na familia yenyewe ilikuwa mjane wake tu, Bi Nyanzobe.

Mihayo akaenda kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Vuta kiti."

"Mama, nimekuja kwa ajili ya ile bunduki ya mzee. Nataka kuinunua."

"Ni kuukuu, Mihayo. Imekaa muda mrefu haijashikwa. Itakuwa na kutu, na kitako kina ufa."

"Mbao ndiyo kazi yangu, mama. Kutu nitaisugua."

"Haya. Lakini nimekwambia."

Fedha Mihayo hakuwa nazo, ila alikuwa na maksai wawili waliozoea kuvuta plau. Bi Nyanzobe alikuwa analima kwa jembe la mkono, peke yake, na mgongo ulikuwa umeanza kumgomea. Wakakubaliana pale pale, maksai wawili kwa bunduki moja. Wakaenda wote wilayani, leseni ikashughulikiwa, karatasi zikabadilishwa jina, na kila mmoja akarudi nyumbani na chake.

Naomba niwe mkweli kuhusu Mihayo: kwa mikono, alikuwa fundi hasa. Aliifungua ile bunduki kipande kwa kipande juu ya turubai. Aliloweka vyuma kwenye mafuta ya taa, akasugua kutu kwa majivu na kitambaa, akapitisha ufito wenye pamba ndani ya mtutu mpaka pamba ikawa inatoka nyeupe. Komeo lililokuwa linakwama likaanza kuteleza. Kitako cha zamani akakiweka kando, akachonga kingine kwa mbao ya mninga, akakipiga msasa siku tatu, akakipaka nta ya nyuki. Watu walikuwa wanapita karakana yake makusudi ili wakione.

Kwenye kitako cha zamani, sehemu ile inayokaa begani, palikuwa na kipande cha tairi kilichopigiliwa misumari. Kilikuwa kibaya, kimekatwa ovyo kama soli ya katambuga. Mihayo alikitazama akaguna.

"Mzee Igembe alikuwa mwindaji," alimwambia mkewe, Sayi, "lakini urembo alikuwa hana."

Akakitupa. Mahali pake akaweka bamba la chuma, akaling'arisha mpaka Sayi akajiona uso.

Siku ya kwanza kuijaribu, alikwenda na watu kama kumi hivi kwenye uwanda ulio nyuma ya kijiji. Akapachika kibuyu kwenye kichuguu kikubwa, akahesabu hatua sitini, akalenga, akafyatua. Bunduki za aina ile hurudi nyuma kwa nguvu, na sasa hapakuwa na kile kipande cha tairi cha kupokea pigo. Bamba la chuma lilimgonga bega mpaka akapepesuka. Kwa wiki nzima alisukuma randa kwa mkono wa kushoto.

"Bunduki ina nguvu hii!" alisema huku anacheka, na machozi yako tayari.

Kibuyu kilikuwa pale pale. Risasi ilipiga chini, kwenye mguu wa kichuguu.

Alipiga nyingine. Chini tena. Ya tatu ikalima ardhi kabla hata ya kufika kwenye kichuguu. Watu wakatazamana.

Mihayo akarudi karakana, akachukua tupa, akakikwangua kidogo kile kijino cha mbele cha kulengea, maana wajuzi wanasema kikipungua urefu risasi hupanda. Kesho yake risasi ya kwanza ikapita juu ya kichuguu, ya pili ikaenda chini. Akakigongagonga kijino kwa nyundo. Ikawa vibaya zaidi. Akakaza skrubu, akalegeza skrubu, akakwangua tena, mpaka kijino kikabaki nundu tu.

Akapanda basi mpaka mjini, kwa fundi wa bunduki mwenye kibali. Fundi alivua kofia, akachungulia ndani ya mtutu, akavuta komeo mara nne, akapima hiki na kile.

"Mtutu mzima," alisema. "Komeo zima. Hiki kijino nani amekitafuna?"

Fundi akaweka kijino kipya, akakinyoosha kwa kipimo chake, akamkabidhi. Kuifyatua hakuifyatua, kwa sababu katikati ya mji huwezi kupiga risasi ukabaki salama na majirani.

Mihayo akarudi na matumaini. Alfajiri iliyofuata nguruwe pori wakaingia shamba la karanga la mwenyekiti, saba, na yule mkubwa amesimama wazi kabisa, hatua hamsini. Mihayo akapiga. Risasi ikarusha udongo mbele ya pua ya mnyama. Yule nguruwe aliruka, akatazama upande wake kama anayemtafuta aliyemwita, halafu akaondoka bila haraka.

Unajua vijiji. Kabla ya saa nne habari ilikuwa imefika kwenye mashine ya kusaga.

"Siku hizi nguruwe wanasalimiana na Mihayo," mmoja alisema.

"Wanamwamkia kabisa. Shikamoo Mihayo, tumekuja kula."

Mihayo alikuwapo, na debe lake la mahindi mkononi. Watu walicheka, na yeye akajaribu kucheka nao ikashindikana. Hapo ndipo alipofungua mdomo akasema neno ambalo angelimeza tu.

"Nimeuziwa chuma chakavu," alisema. "Bunduki ile ina ugonjwa wa ndani, hata fundi wa mjini ameshindwa kuuona. Na yule mama alijua."

Watu waliacha kucheka. Hilo likampa nguvu, akaendelea.

"Kwani nani kati yenu alimwona Mzee Igembe akipiga? Tulikuwa tunaona nyama tu. Bunduki haipigi, nyama inatoka wapi? Alikuwa anatega mitego ya waya yule."

Hapa ndipo ninapomkasirikia Mihayo, na sioni haya kusema. Mzee Igembe alikuwa mwindaji wa kibali miaka thelathini. Alihesabu risasi zake, alimfuata mnyama aliyejeruhiwa hata siku mbili ili asimwache ateseke. Mitego ya waya ni kazi ya majangili, na mzee mwenyewe hayupo tena wa kujitetea. Kumwita jangili kwenye foleni ya mashine ya kusaga, kwa sababu wewe umekosa nguruwe! Inauma, hata kwangu mimi ambaye simjui.

Lakini neno limeshatoka. Wiki haikuisha, lilikuwa limezunguka kijiji kizima na kurudi likiwa limenenepa. Wengine wakasema walishawahi kuona waya nyumbani kwa Igembe. Bila shaka waliuona: ulikuwa wa kuanikia nguo.

Bi Nyanzobe aliyasikia kisimani. Alipofika na ndoo zake wanawake waliacha kuongea, kisha wote wakaanza kuongea kwa pamoja kuhusu mvua. Alichota maji, akapakia ndoo kwenye mkokoteni wa maksai, akarudi nyumbani. Siku hiyo hakula.

Mihayo akapeleka malalamiko kwa mwenyekiti, Mzee Shija. Barua ikatoka: mkutano wa kijiji Jumamosi, kwenye ghala la ushirika. Ikionekana bunduki iliuzwa na ubovu uliofichwa, maksai watarudi kwa Mihayo na bunduki itarudi kwa mama. Maana yake Bi Nyanzobe angerudi kwenye jembe la mkono na ule mgongo wake, na mume wake angebaki jangili kwenye midomo ya watu mpaka siku ya mwisho.

Ijumaa asubuhi Bi Nyanzobe alitokea karakana kwa Mihayo. Hakuwa amekasirika, au kama alikuwa, aliacha hasira nyumbani.

"Umeamkaje, baba?"

Mihayo alishtuka. Hata shikamoo ilimtoka kwa kigugumizi. "Sh... shikamoo mama."

"Marahaba. Chukua bunduki yako na risasi chache. Twende pale uwandani, nataka nikuone ukipiga."

"Mama, mkutano ni kesho."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja leo."

Hakujua amkatalie vipi mtu wa umri wa mama yake, kwa hiyo akaenda. Walikuwa wawili tu. Bi Nyanzobe alikuwa amekuja na kifuniko cha sufuria kilichotoboka, akakipachika kwenye kichuguu, akarudi akasimama kando ya Mihayo, upande wa uso wake.

"Piga."

Mihayo akapiga. Vumbi likaruka chini ya kichuguu, kifuniko hakikutikisika.

"Umeona, mama? Umeona mwenyewe?"

"Nimeona," alisema. "Lete nikujazie. Hata mzee nilikuwa namjazia mimi."

Mihayo akavuta komeo, ganda tupu likaruka nje likaanguka majanini. Akampa mama bunduki na risasi, akageuka kukitazama kifuniko kwa hasira, kama vile kifuniko ndicho kilichomuuzia. Mama akajaza, akafunga komeo, akamrudishia mtutu ukielekea kichuguuni.

Mihayo akalenga. Akavuta pumzi. Akabonyeza kifyatulio.

Tak.

Hapakuwa na mlio. Hapakuwa na moshi wala pigo la begani. Ila mtutu wa bunduki ulizama chini ghafla ukaelekea ardhini, bega la Mihayo likaruka nyuma, na macho yake yote mawili yalikuwa yamefumbwa kabisa.

Alipoyafumbua, Bi Nyanzobe alikuwa anamtazama.

"Risasi mbovu!" Mihayo alisema.

Mama akachukua bunduki, akavuta komeo, akaokota kilichoanguka, akamwekea kiganjani. Lilikuwa ganda tupu, lile lile la risasi ya kwanza. Alikuwa ameliokota majanini akalirudisha ndani.

"Hamkuwa na risasi humo, mwanangu. Hakuna kilichokusukuma. Sasa niambie, huu mtutu umeshushwa na nani?"

Hasira ikampanda Mihayo.

"Umenichezea, mama! Ni mara moja tu hiyo."

"Haya. Tupige tena."

Wakapiga tena mara sita. Kila mara mama aligeuka, akajaza, na Mihayo hakujua ndani kuna risasi au kuna ganda. Tatu zilikuwa ganda. Mara zote tatu mtutu ulizama, bega likaruka, macho yakafumba. Mara ya sita hakuirudisha bunduki kwa mama. Alikaa chini kwenye nyasi, akaiweka magotini, akabaki anaitazama.

"Ni mimi," alisema polepole.

"Ni wewe. Mlio ulikuwa unakutisha tangu mwanzo, halafu ikakuumiza, sasa mwili wako unaikimbia kabla haijalia. Hata wewe hujui kama unaikimbia."

"Fundi wa mjini hakuona. Watu kumi walikuwa hapa, hakuna aliyeona. Wewe umejuaje?"

Bi Nyanzobe akakaa naye kwenye nyasi.

"Kwa sababu mzee naye alianza hivyo hivyo. Msimu wake wa kwanza mzima hakupata hata kanga. Akapaka mafuta hapa, akakaza pale, akailaani bunduki na aliyeitengeneza. Watu wote walikuwa wanatazama kule risasi inakokwenda. Mimi nilikuwa mke wa miezi minne, nilikuwa namtazama yeye usoni. Nikaona anafumba."

Mihayo akacheka kidogo bila kutaka. Halafu akainamisha kichwa.

"Mama, ungeweza kunifanyia haya kesho, mbele ya watu wote."

"Kesho ungebishana nami mpaka jua lizame. Leo tuko wawili, huna wa kubishana kwa ajili yake. Inuka."

Akavua kitenge chake cha juu, akakikunja mara nne, akamwekea begani ndani ya shati, mahali kitako kinapokaa. Akamwambia aache kukivuta kifyatulio kwa kukikwapua, akibonyeze taratibu kama anayekamua ng'ombe, na macho yabaki wazi hata akiona mbingu zinaanguka. Walichukua muda. Ganda, ganda, risasi, ganda. Jua lilikuwa limepanda sana mtutu ulipotulia kwenye ganda tupu bila kutikisika, na risasi iliyofuata ikakipiga kile kifuniko katikati, kikaruka juu na kuanguka upande wa pili wa kichuguu.

Mihayo aliruka kama mtoto. Bi Nyanzobe akachukua kitenge chake, akakikung'uta, akajifunga.

"Basi," alisema. "Acha nikawanyweshe ng'ombe."

Hakumwambia aseme nini kesho. Hakumwomba chochote. Alikwenda zake.

Jioni Sayi akamuuliza mumewe, "Kesho utasema nini?"

"Nitaondoa malalamiko. Nitasema bunduki imepona."

"Imepona?"

"Si inapiga sasa? Maksai watabaki kwake, mimi nitabaki na bunduki, nguruwe watakoma. Kila mtu atakuwa salama. Kuna haja gani ya kueleza mengine?"

Sayi alimtazama, akaendelea kuchambua mchicha. Na wewe usijifanye mwema sana hapo ulipo. Mimi pia ningesema imepona.

Jumamosi ghala la ushirika lilijaa mpaka mlangoni. Mwenyekiti akafungua mkutano, akamwita Mihayo.

Mihayo alisimama. "Ndugu mwenyekiti, bunduki nimeirekebisha. Sasa inapiga vizuri, jana nimeijaribu. Malalamiko yangu nayaondoa."

Watu wakapiga makofi. Mihayo akaketi, akavuta pumzi, mzigo umetua. Ndivyo alivyodhani.

Mwenyekiti akamgeukia mjane. "Bi Nyanzobe, una la kusema?"

Alisimama. Neno moja tu kutoka kwa mama yule lingetosha kummaliza Mihayo.

"Sina, mwenyekiti."

"Vizuri," alisema Mzee Shija, kwa sauti ya upole kabisa, ya mtu anayeona amefanya jambo jema. "Basi mama, maksai watabaki kwako. Kijana amekuwa muungwana, na kijiji nacho kimekusamehe. Na marehemu mume wako, mambo yake ya mitego tumuachie Mungu. Ila siku nyingine ukiuza kitu, useme na ubovu wake."

Bi Nyanzobe alishika ncha ya kitenge chake kwa mikono miwili.

"Asante, mwenyekiti," alisema. "Nimesikia." Akaanza kukaa.

Kimekusamehe! Mihayo alilisikia neno lile likimwingia kifuani. Alikuwa anatazama, labda kwa mara ya kwanza mwezi ule, si bunduki wala nguruwe wala midomo ya watu, alikuwa anamtazama yule mama usoni. Na aliona kitu ambacho hakukiona karakana wala uwandani, kwa sababu hakuwa amemtazama yeye. Aliona mtu anayeshukuru kwa kusamehewa kosa la mwingine, na mwenye kosa amekaa hatua tatu kutoka kwake anapigiwa makofi.

Alisimama bila kuitwa.

"Mwenyekiti, naomba nirudie."

"Umeshamaliza, Mihayo. Yameisha."

"Hayajaisha. Nimesema bunduki nimeirekebisha. Si kweli. Bunduki haijawahi kuharibika. Mjini kilichotengenezwa ni kile kijino, na nilikiharibu mimi mwenyewe kwa tupa. Ninayekosa ni mimi. Nikifyatua nafumba macho."

Halafu mtu mmoja nyuma akasema, "Unafumba nini?"

"Macho. Yote mawili. Naogopa mlio."

Mmoja akacheka, wa pili akafuata, na ghala zima likalipuka. Kuna waliojipiga mapaja. Kuna aliyelala juu ya mwenzake. Mihayo alisimama katikati ya kicheko kile, jasho linamtiririka, akangoja kipungue.

"Aliyeniponya ni huyu mama. Jana, bure, tukiwa wawili, ili nisiaibike. Aliniambia ubovu wa bunduki tangu siku ya kwanza, kutu na ufa, na vyote nilivikuta kama alivyosema. Na Mzee Igembe hakutega mtego hata mmoja. Ule uongo niliutunga mimi pale kwenye mashine, nikiwa na debe la mahindi mkononi, kwa sababu mlikuwa mnanicheka."

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Waliouona ule waya wa kuanikia nguo walikuwa wanatazama sakafu. Mwenyekiti alivua kofia yake, akaishika.

"Mihayo," alisema taratibu, "unajua kwamba hawa watu watakucheka mpaka mavuno?"

"Wacheke, mwenyekiti. Nyumba ya Mzee Igembe wameicheka mwezi mzima bila sababu. Mimi sababu ninayo."

Bi Nyanzobe alikuwa hajakaa bado. Alisimama pale pale alipokuwa, na machozi yakaanza kumtoka, kwanza kimya, kisha kwa sauti, kama mtu aliyekuwa ameyaweka tangu siku ya matanga. Wanawake wa kisimani wakainuka mmoja mmoja wakaenda kumshika. Mzee Shija naye akashuka kutoka kwenye meza yake, akapita katikati ya watu, akasimama mbele ya mama yule akiwa ameshika kofia, na mbele ya kijiji kizima akamwomba msamaha kwa kulichafua jina la mume wake.

Funzo: Kabla ya kulaumu kitu ulichonunua au mtu aliyekuuzia, jiangalie wewe unayekishika. Na ukishaujua ukweli, usiishie kunyamaza na kuyaacha yapite: usimame uuseme pale pale uliposemea uongo, kwa sauti ile ile, hata kama watu watakucheka.